Kodi ya Meno ya Mwalimu Mükerrem

Mwalimu Mükerrem alipotimiza miaka themanini na mitatu hakuwa na jino lake hata moja, na yale ya bandia aliyavaa siku za kupigwa picha tu. Hata hivyo kila mwaka, ishirini na tisa Ramadhani, alipanda ngazi za nyumba yangu polepole, akafuturu kwa supu, akafuta mdomo, kisha akaninyooshea kiganja.

"Haya, Rıfkı. Kodi ya meno."

"Meno yenyewe yako wapi, Mwalimu?"

"Nyumba ikibomoka, kiwanja kinabaki. Lete."

Nami nilimpa nilichokuwa nacho: kipande cha sabuni ya zeituni, soksi za sufu, mwaka mmoja mto mdogo wa pamba niliomshonea mwenyewe. Wanangu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Waliona ni mzaha wetu sisi wawili. Sikuwaambia kwamba mzaha huo niliuanzisha mimi nikiwa na miaka kumi na sita, na kwamba siku nilipouanzisha nilimwachia mwanamke yule sanduku tupu.

Basi leo nasema, maana ameshakwenda mbele ya haki na bado namkumbuka kila nikinusa supu ya mtindi.

Mimi ni mtu wa Tire, mji mdogo wa Uturuki. Baba yangu alishona mifarishi ya pamba, ile minene ya kujifunika wakati wa baridi, kama mama yake kabla yake na kama mimi baada yake. Mwalimu Mükerrem alitufundisha fasihi katika shule ya sekondari. Alikuwa mwembamba, hakuolewa, alivaa koti moja la kijivu tangu Oktoba hadi Aprili, na alikuwa na sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Kila Alhamisi baada ya masomo alibaki na wanafunzi waliotaka, kwenye chumba cha kuwekea ramani, tukasoma riwaya za kihistoria. Mwaka ule, 1968, tulikuwa kumi na mmoja.

Kubaki si kwamba tulikuwa wema. Mimi nilibaki kwa sababu ya sanduku.

Lazima mjue kwamba kwetu maneno yalibadilishwa kabla hatujazaliwa. Babu zetu walijifunza kuandika kwa herufi nyingine, na nusu ya maneno waliyoyatumia yalitolewa vitabuni, yakawekwa mapya. Nilipokwenda na bibi yangu kwenye soko la Jumanne, kuna wakati alimwambia muuza vitunguu jambo nami nikamgeukia mama anitafsirie. Sasa mpe mtoto kama huyo riwaya ya nyumba ya pasha wa Istanbul wa miaka mia iliyopita. Kila mstari una shimo.

Walimu wengine wangekupa kamusi. Mwalimu Mükerrem alifungua sanduku la urithi wa nyumbani kwao alilokuja nalo kila Alhamisi, la mbao ya mjozi lenye misumari ya shaba, akatoa kitu.

"Shikeni kwanza," alisema. "Maana itakuja yenyewe."

Tukashika. Kulikuwa na mitalawanda ya mbao ya kwenda hamamuni, mirefu, yenye vipande vya lulumizi. Sabahat, binti wa mwokaji mikate, aliivaa akatembea hatua nne akaanguka juu ya ramani ya Ulaya, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau kwa nini bibi harusi kwenye riwaya alishikwa mikono pande mbili. Kulikuwa na birika na beseni la shaba la kunawisha wageni. Tulinawishana kwa zamu, mdogo akimmiminia mkubwa, taulo begani, na mwenye kumimina haruhusiwi kusema neno mpaka mgeni akaushe mikono. Kwangu mimi hilo lilikuwa adhabu. Kulikuwa na mrashi wa fedha uliobaki na harufu ya waridi, kidau cha wino cha kuchomeka mshipini, mkasi wa kukatia utambi wa mshumaa, kijiko cha gamba la kasa. Mara moja aliwasha hata jiko dogo la makaa, tukachoma njugu za msituni, na mkuu wa shule akaja mbio akidhani chumba kinaungua.

"Mwalimu, mtihani hauulizi makaa," alisema mkuu.

"Haujui kuuliza," alijibu Mwalimu Mükerrem, akampa njugu mbili.

Alhamisi ya kwanza ya Ramadhani tulifika mahali ambapo pasha anafuturisha watu. Ayhan alisoma kwa sauti: wageni wamekula, wamekunywa kahawa, wanavaa viatu waondoke, na mlangoni mtumishi anampa kila mmoja kifuko cha mahameli. Ndani ya kifuko mna sarafu, au pete, au tasbihi ya kaharabu. Kitabu kiliita zawadi hiyo kodi ya meno, eti mgeni amechosha meno yake kwa chakula cha mwenyeji, basi mwenyeji amlipe.

Tulicheka sana. Nikauliza kama meno ya mbele na magego yana kodi moja. Tukageukia sanduku, tukingoja kifuko kitoke.

Mwalimu Mükerrem aliweka kiganja juu ya ukurasa. "Hilo tutaliruka," alisema. "Ayhan, endelea sura ya tano."

Hatukuwahi kumwona akiruka neno. Hata matusi ya wapiga makasia hakuyaruka.

Kila Ramadhani alikuwa na desturi ya kuwaalika wa darasa la Alhamisi kufuturu kwake. Alikaa vyumba viwili juu ya duka la mshona matandiko ya farasi. Siku ya kumi tukaenda, tumechanwa nywele, tumeonywa na mama zetu. Mzinga wa futari ulipolia kilimani tulikuwa tumekaa chini kuzunguka sinia, na tulikula kama watu waliotoka vitani: zeituni, supu ya dengu, mayai ya vitunguu, wali wa njegere, mkate wa Ramadhani wenye ufuta na habasoda ambao baba yake Sabahat aliuleta ukiwa bado na moto. Mwisho akatoa mkate mwororo wa maziwa na maji ya waridi, na juu ya kila kipande aliweka punje nane za komamanga. Nilihesabu. Mtu anayepanga punje za komamanga ni mtu ambaye mshahara wake umeisha, lakini hayo niliyafahamu baadaye.

Tukasimama kuaga. Tumbo limejaa, chumba kina joto, wasichana wananitazama. Ulimi hauna mfupa, na wangu haukuwa hata na breki.

"Mwalimu," nikasema, nikijishika taya, "meno yangu yamefanya kazi ya punda leo. Na kodi yake je?"

Wote wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama, wala si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Rıfkı ametumia neno mahali pake," alisema taratibu. "Mgeni akidai mlangoni, haondoki mikono mitupu. Ngojeni."

Akaingia chumba cha ndani. Tukasikia bawaba za sanduku. Alitoka na mitalawanda, akamwekea Sabahat mikononi. Akarudi, akatoka na birika na beseni, akampa Ayhan. Mrashi kwa Feride. Kidau kwa Vahit. Hivyo hivyo, akienda na kurudi, mmoja mmoja, kila aliyepewa akiambiwa, "Kodi ya meno yako, mwanangu. Umenifurahisha kwa kuja."

"Ni vya kuazima, Mwalimu?" Sabahat aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kodi haiazimwi."

Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinipa kifuko cha mahameli mekundu, kimechakaa kingoni, chepesi. Kilikuwa kitupu.

"Cha baba," alisema. "Yeye alikuwa akikijaza."

Tulipofika barabarani Sabahat alinipiga begani kwa mtalawanda, akanipiga kweli, alama nilikaa nayo wiki nzima.

"Domokaya! Umeona ulichofanya?"

"Nilitania tu!"

"Basi kamtanie na mamako akugawie masufuria!"

Alhamisi iliyofuata alikuja chumba cha ramani na chaki. Riwaya ilitaja taa ya mkononi ya kitambaa, naye akachora ubaoni kitu kama kabeji. "Hii ni taa," alisema. Hakuna aliyeuliza kitu. Tuliandika maana kwenye madaftari kama wanafunzi wa darasa lolote, na Ayhan akasinzia. Dakika ishirini zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko saumu.

Tulikuwa tumekubaliana. Alipofuta ubao tulitoa vitu vyote mifukoni tukavipanga mezani kwake. Nikasimama mbele, kwa kuwa mimi ndiye mkosaji.

"Mwalimu, tunaomba uvichukue. Tafadhali."

Hapo ndipo nilipoiona hasira yake. "Nani aliwafundisha kurudisha kodi ya meno? Mnataka na chakula mkitapike? Bebeni, kila mtu chake!" Akaiweka chaki chini. "Tena niwaambie kabisa. Baada ya Sikukuu hakutakuwa na Alhamisi. Maneno haya bila vitu ni orodha tu, na orodha mtazipata kwenye kamusi. Nimechoka kuchora kabeji."

Ikawa ndiyo hivyo. Ningeweza kula viatu vyangu kwa majuto. Darasa lile lilikuwa chumba pekee mjini ambamo mtu aliniuliza ninaonaje, na nilikuwa nimelifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nyumbani bibi yangu, Bibi Zekiye, alikuwa karibu na jiko akichambua pamba. Kidoleni alikuwa na subana yake ya fedha, ya kukinga sindano. Haikumtoka hata akila. Nilikaa chini nikamweleza yote, kisha nikampa kifuko. Alikigeuza nje ndani. Kulikuwa na mshono wa uzi wa kijani karibu na kona.

"Eee," alisema. "Panya alikitoboa hapa. Mama yangu ndiye aliyekishona."

"Kifuko hiki?"

"Kifuko hiki. Wewe unadhani Mwalimu wako aliokotwa? Ni binti wa Hilmi Bey, karani wa mahakama. Alikuja kwetu kutoka Istanbul na desturi zake, akaoa kwenye nyumba kubwa, ile ambayo leo wanawekea tumbaku. Kila Ramadhani alifuturisha mtaa mzima. Si wakubwa tu. Wasokota kamba, wachunga ngamia, sisi watoto wa mfuaji nguo wake. Na kila mtu alitoka na kodi ya meno, hata mtoto mwenye meno ya maziwa. Mwanzoni sarafu. Vita ilipokuja na njaa, vitu vya nyumbani. Mwishowe vifuko vyenyewe vilibaki vinane, ukishafika nje ukatoa kilichomo, unakirudisha kifuko mlangoni apewe wa nyuma yako." Akainua kidole chenye subana. "Hii nilipewa mwaka wa njaa, nina miaka kumi na mitatu. Kwa hii nilishona mfarishi wa kwanza. Duka la babako limetoka humu."

"Halafu?"

"Halafu nyumba ikaisha. Watu walisema Hilmi Bey aliliwa. Na kweli tulimla, mjukuu wangu. Mji mzima, kijiko kwa kijiko."

Nikamwambia kwamba tumejaribu kurudisha, akatufukuza. Bibi alinitazama kama anayemtazama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele.

"Zawadi inarudishwaje? Wewe ukipewa binti utamrudisha kwa babake kwa sababu ni mzuri mno? Mnasoma vitabu vya pasha na akili hamuokoti. Mgeni akila kwako, unampa nini mlangoni?"

Nilihitaji muda. Kisha nikamkumbatia, pamba ikaruka chumba kizima.

Siku ya kumi na tano Mwalimu alialikwa kwa kina Sabahat. Akaenda bila kushuku lolote. Alipokuwa akivaa koti, mama yake Sabahat alimpa furushi la kitambaa kilichotariziwa: mitalawanda, na juu yake chupa ya jamu ya matunda ya majira ya baridi. "Kodi ya meno, Mwalimu. Umetufurahisha kwa kuja." Sabahat alisema Mwalimu alibaki na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje kwa muda mrefu, kisha akapokea. Siku mbili baadaye, kwa kina Ayhan, birika na beseni. Akapokea, lakini aliondoka kabla ya chai. Nyumba ya tatu, kwa kina Feride, hakwenda. Alituma ujumbe kwamba anaumwa kichwa.

Bibi Zekiye alichukua fimbo yake. "Nishike mkono," aliniambia. "Na mdomo wako uuache hapa."

Tulimkuta Mwalimu akisahihisha madaftari. Alimbusu bibi mkono, akamkalisha kwenye mto.

"Nimeambiwa kichwa kinauma," bibi alisema.

"Kinauma, Bi Zekiye."

"Na tumbo?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Bi Zekiye, mimi si mtoto. Mnanirudishia vitu vyangu kwa mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma? Kwa mlango wa mbele, majirani wakitazama, baada ya supu! Wewe unaogopa nini, binti wa Hilmi Bey?"

"Siogopi."

"Basi nikuambie tunachoogopa sisi. Tulikula kwa babako miaka kumi na miwili. Nani alimwalika yeye? Nitajie mmoja. Tuliona aibu na vibanda vyetu, na sufuria zetu, na watoto wetu wenye kamasi. Tukasema mtu kama yule atakula nini kwetu. Akafa hajaonja supu ya mtu wa mtaa huu. Sasa na wewe unataka tuingie kaburini na aibu ileile?"

Mwalimu alitazama dirishani. Chini, mshona matandiko alikuwa akigonga ngozi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeuma ulimi, kweli kweli.

"Supu ya nini?" Mwalimu akauliza.

"Kwa Feride sijui. Kwangu ni ya mtindi na mnanaa, ishirini na tisa."

Alikwenda kwa kina Feride kesho yake, na baada ya hapo hakukosa nyumba hata moja. Mjini habari ilikuwa imeenea, na sasa hakuna mama aliyekubali kutoa kilekile alichopewa mwanawe peke yake. Nyumba moja iliongeza soksi, nyingine chupa ya mafuta ya zeituni. Babu yake Vahit, mchunga ngamia mstaafu, aliweka kando ya kidau kikombe cha kahawa kisicho na mkono, cha rangi ya samawati. "Kilitoka kwenu mwaka wa tatu wa vita," alisema. "Tumekiogopa. Hatujawahi kukinywea." Nyumba nyingine ilitoa ncha ya kaharabu ya kiko cha tumbaku. Mwalimu alivipokea vyote kwa mikono miwili, na Vahit aliapa kwamba njiani alimsikia akiimba.

Ishirini na tisa alikuja kwetu. Mama alikuwa amesugua hata sehemu ya chini ya ngazi. Mwalimu alikula supu bakuli mbili, akamsifu mama, akamuuliza baba bei ya pamba, akaniambia mimi nikae wima. Nilikuwa sijawahi kumwona amestarehe hivyo. Kifuko kilikuwa kifuani mwangu, nami nilijua kilichomo, kwa maana asubuhi ile bibi aliivua subana mbele yangu. Ilihitaji mafuta na sabuni. Kidole chake kilibaki cheupe na chembamba pale, kama cha mtu mwingine.

"Bibi, utashonea nini?" nilimuuliza.

"Macho yenyewe yameisha. Acha."

Mwalimu aliposimama nilimpa kwa mikono miwili. "Kodi ya meno yako, Mwalimu. Umetufurahisha kwa kuja."

Desturi ni kwamba mgeni hafungui mbele ya mwenyeji. Hakufungua. Alikiminya tu kwa vidole juu ya mahameli, kama alivyotufundisha sisi, kushika kwanza. Nikaona uso wake unabadilika.

Akakaa tena.

"Ni subana," alisema. "Ina tundu moja lililozama, karibu na ukingo."

"Ndiyo," bibi alisema. "Umejuaje?"

"Ya mama yangu."

Mama aliacha kukusanya bakuli. Mwalimu aliendelea kwa ile sauti yake ya chini, na sote tuliinama kumsikia. "Nilikuwa na miaka mitano. Siku ile vifuko vilikuwa vitupu na watu wameshafika. Baba aliingia chumba cha kushonea, akaichukua kwenye kikapu cha mama. Akageuka, akaniona. Akaweka kidole mdomoni." Naye akaweka kidole chake mdomoni, akatuonyesha. "Mama aliitafuta siku tatu. Alipasua hata mito. Baada ya hapo alishonea kipande cha ngozi alichofunga kidoleni, mpaka alipofariki, na baba akiiona ile ngozi alitoka nje. Mimi nilinyamaza. Miaka hamsini na mmoja."

Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia isipokuwa kwa vitunguu, alikuwa ameufunika uso kwa ncha ya ushungi. "Wallahi sikujua, mwanangu. Nilidhani wanazo kumi. Nyumba kubwa vile, nilidhani zimo kumi. Sasa niiweke wapi aibu hii?"

Mwalimu alimwondoa mikono usoni. "Bi Zekiye. Umeshona mifarishi mingapi kwa hii?"

"Nani alihesabu? Mia nne. Mia tano."

"Mama angeshona mito mitatu ya sebuleni, yenye ndege." Akacheka, huku machozi yanamtoka. "Hao watu wako mia tano wamelala na joto. Nilikuwa namwonea baba haya miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia."

Walikaa wameshikana mikono mpaka chai ikapoa. Nilimsindikiza Mwalimu nyumbani. Mlangoni kwake alinigonga utosini kwa kifuko, pa, taratibu.

Alhamisi ya kwanza baada ya Sikukuu tulikuja chumba cha ramani bila kuambiwa. Sanduku lilikuwa mezani. Lilijaa mpaka kifuniko hakikufunga vizuri, kwa sababu ya kikombe cha samawati. Mwalimu Mükerrem alivua koti, akafungua riwaya, akarudi nyuma hadi ukurasa ule alioufunika kwa kiganja.

"Tuliruka neno," alisema. "Msiandike kitu. Shikeni kwanza."

Akatoa subana kwenye kifuko akampa Sabahat, Sabahat akampa Ayhan, ikazunguka mkono kwa mkono. Ilipokuwa ikizunguka alituambia yote, kidole mdomoni na kipande cha ngozi na mito iliyopasuliwa, bila kuficha lolote. Ilinifikia mimi mwisho. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuivaa. Ilinienea hadi kwenye kucha tu, na ilikuwa na joto la mikono ya wote.

"Haya," Mwalimu akasema. "Nani ataniambia kodi ya meno ni nini? Rıfkı?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilimtazama, nikaitazama subana, na neno halikuja, mimi domokaya, mbele ya wasichana wote.

Mwalimu Mükerrem alifungua daftari lake la alama, akatafuta jina langu, akaandika kumi juu ya kumi. Ndiyo kumi pekee aliyowahi kunipa.